Mshahara wa Mwendesha Winchi Ulifika Wapi

Vijana wa ofisi ya utumishi walioniaga mwezi uliopita waliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Mmoja alitaka kujua nilipandaje vyeo. Nilipanda kwa sababu waliokuwa juu yangu walistaafu, na hilo halihitaji maandishi. Mwingine akauliza ni kazi gani niliyoifanya ambayo ninajivunia. Kwa hilo nina jibu. Linahusu uwanja wa mizigo Tunduma, winchi moja ya dizeli, na fomu yenye swali la mstari mmoja. Nilikuwa na sababu ya kutolisema nikiwa bado kazini, na mkivumilia mtaiona.

Nilifika Tunduma mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, shahada ndani ya bahasha ya kaki, na tabia ya kuuliza "kwa nini" iliyokuwa imeshanigombanisha na wahadhiri wawili na mchumba mmoja. Kwetu si mbali, ni juu milimani Mbozi, nyumba ya kahawa na kanisa. Baba yangu alidhani nimepangiwa Tunduma kama zawadi, niwe karibu na nyumbani. Mimi nilijua ni adhabu. Kwenye usaili nilikuwa nimewauliza wasaili kwa nini swali lao la tatu linarudia la kwanza.

Reli ilikuwa bado mpya, kokoto zake zilikuwa hazijashika vumbi vizuri. Mizigo ya wilaya zetu ilishushwa pale uwanjani: mabati, saruji, mbolea, mashine za vijiji. Kilichobebeka begani kilishushwa na wachukuzi. Kisichobebeka kilishushwa na winchi. Ilikuwa ya magurudumu, na kabla ya kuinua kitu ilitoa miguu minne ya chuma ikakanyaga mataruma, vipande vya mti vya kulalia reli, kama ng'ombe anayekataa kusukumwa. Iliachwa na wataalamu wa Kichina waliojenga reli, na vyuma vyake vya kuvuta vilikuwa na maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma uwanjani, wala mimi na shahada yangu.

Siku ya kwanza niliomba nipande nione. Aliyenipokea ni Swalehe, kijana wa Tanga aliyeifuata reli hadi mpakani akaoa hapo hapo. Yeye alisimama chini na kutoa ishara za mikono kwa aliye juu, na siku nyingine alipanda kuendesha mwenyewe.

"Dada msomi," akasema, "afisa aliyekutangulia alikaa miaka mitatu, hakuvuka huo mstari wa chokaa. Wewe saa tatu za kwanza unataka kupanda?"

"Kwa nini yeye hakuvuka?"

"Aliogopa viatu vyake." Akavitazama vyangu. "Panda. Hivyo havina cha kupoteza."

Kibandani alikaa mzee Silwimba. Nasema mzee kwa heshima. Alikuwa na arobaini na kitu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani jua likiwaka. Kwao Ndalambo. Alinisogezea kisanduku cha vifaa nikikalie.

"Karibu mwanangu. Usiguse kitu."

Mbele ya macho yake ilining'inia chupa ya dawa ya kikohozi, imelazwa kwa waya, maji nusu. Kioo kilikuwa kimekwaruzwa alama mbili kwa msumari. Niliuliza ni ya nini.

"Winchi ikilala upande, maji yanasema kabla yangu. Yakifika kwenye alama, nashusha."

"Ulifundishwa na Wachina?"

"Hapana. Fundi wangu wa Kichina alikuwa anajua kwa makalio. Mimi yangu hayana elimu hiyo, nikatafuta chupa." Akavuta chuma cha kwanza. "Yeye alikuwa na maneno matatu tu ya Kiswahili: polepole, bado, na hapana. Miaka miwili tulifanya kazi kwa maneno hayo. Kuendesha winchi hakuhitaji la nne."

Aliinua tenki la maji la shule kutoka kwenye behewa. Kwanza alilinyanyua shubiri moja tu, akalisimamisha hewani, akakaa kimya. Swalehe chini naye kimya, mkono juu. Nilidhani mashine imeharibika. Baadaye nilijifunza kwamba huko kuliitwa kuonja mzigo. Kisha tenki likapanda, likazunguka juu ya vichwa vya watu bila kuyumba, nami nikashindwa kujizuia.

"Ajabu! Mzee, hii ni kazi nzuri sana!"

Akasimamisha kila kitu. Tenki likabaki hewani. Swalehe chini akashika kiuno.

"Mwanangu," akasema Silwimba, "mzigo hausifiwi ukiwa juu. Ukifika chini, sema."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uko juu."

Sikuwa nimesoma miaka mitatu chuo kikuu ili nijibiwe hivyo. Nilishuka nikiwa nimeandika kwenye daftari langu: *Ushirikina uwanjani. Elimu inahitajika.* Daftari hilo ninalo hadi leo, na huwa nalisoma kila ninapojiona mwerevu.

Sasa mshahara. Sitaandika shilingi. Shilingi ya miaka ile ukiitaja leo watu wanacheka, na kucheka huko hakuwaambii chochote. Nitawaandikia jinsi Silwimba mwenyewe alivyonieleza, siku ya malipo ya kwanza niliyoisimamia, alipotia dole gumba kwenye wino, ingawa kisomo cha watu wazima alikuwa amekimaliza na jina lake alijua kuliandika. Alisema dole gumba ni haraka zaidi, na foleni ni ndefu.

"Mzee, samahani kwa swali," nikasema. "Mshahara huu unafika wapi?"

"Unafika kwa mtoto wa nne."

Nikadhani hakunielewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa na watoto saba. Mshahara ukitoka, kwanza ni mahindi, kisha chumvi, mafuta ya taa, mche wa sabuni ukipatikana, sadaka. Kinachobaki kinanunua jozi moja ya viatu vya raba. Mwezi huu mtoto wa kwanza, mwezi ujao wa pili, hivyo hivyo. Lakini ukifika kwa wa nne, vya wa kwanza vimeshatoboka, naye yuko darasa la saba, hawezi kwenda peku. Basi zamu inarudi mwanzo. Wa tano na wa sita wanarithi.

"Na wa saba?"

"Neema? Neema anarithi kamba za viatu."

Akacheka. Swalehe nyuma yake kwenye foleni akacheka zaidi. "Mtu wa Ndalambo, watoto saba kama siku za wiki! Ungeishia Jumanne."

"Mtu wa nazi, wewe una mmoja na bado unanikopa chumvi."

Mimi sikucheka. Nilirudi ofisini nikafungua majalada, kwa sababu swali lilikuwa limeshaniingia: mtu anayening'iniza tani juu ya vichwa vya wenzake analipwa kwa kipimo gani? Nikakuta amewekwa daraja moja na mwangalizi wa pampu ya maji. Mzee wa pampu alikuwa mtu mwema, aliniletea mapera kila Jumatatu. Lakini pampu ikikosewa maji yanamwagika, na winchi ikikosewa mtu anazikwa. Nani aliwaweka mizani moja?

Jibu lilikuwa ndani ya jalada. Miaka michache nyuma makao makuu walituma fomu kwa kila mfanyakazi, ili wapange madaraja. Swali la sita lilisema: *Eleza kazi yako.* Walioacha mistari kumi na miwili walitegemea ijazwe. Karani wa stoo alikuwa ameijaza yote na kuendelea nyuma ya karatasi, hata kufungua madirisha asubuhi alikuita usimamizi wa mazingira. Silwimba, kwa herufi kubwa za kisomo, alikuwa ameandika:

*Ninakaa. Ninavuta vyuma. Ninashuka.*

Swalehe aliandika maneno sita: *Nasimama. Nainua mkono. Mkono unachoka kidogo.*

Nilikaa na karatasi hizo mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimejiandaa kupata mwovu. Nilitaka mwovu, nilikuwa na hotuba yake tayari tangu chuo. Badala yake nikakuta mtu fulani makao makuu alisoma "ninakaa, ninavuta vyuma" na kuamini. Mimi mwenyewe ningeamini.

Nikachukua fomu mpya hadi uwanjani. Nikamwambia Silwimba aandike upya, mimi nitaipeleka juu na barua yangu. Aliikunja mara nne akanirudishia.

"Mwanangu, mimi bado nafanya kazi hii."

"Ndiyo maana uieleze!"

"Ndiyo maana nisiieleze. Kazi yangu haijafika chini. Siku nikistaafu nikiwa sijaua mtu, njoo na fomu yako, nitaandika hata usiku."

"Mzee, huo ni ushirikina."

"Inawezekana," akasema, bila hasira. Kisha akatoa barua mfukoni, imeshalainika kwa kukunjwa. Ilitoka ng'ambo ya mpaka, kwenye migodi ya shaba. Walikuwa wanatafuta waendesha winchi. Mshahara wao, kwa alivyouhesabu yeye, ungefika kwa mtoto wa saba na kuwazunguka tena. Lakini familia ingebaki Ndalambo, na yeye angerudi mara moja kwa mwaka, kama wajomba zake walivyorudi kutoka migodini: mmoja na redio, mmoja na kikohozi, na mmoja hakurudi. Alikuwa ameomba wamsubiri hadi mvua za kwanza.

"Sipendi kwenda," akasema. "Lakini Neema naye ana miguu."

Tulikuwa mwezi wa nane. Mvua kwetu huanza mwezi wa kumi na moja. Nikapiga hesabu.

Wazo halikuwa langu, na nawaomba mlikumbuke hilo mkisikia watu wakinisifu. Lilitoka kwa Swalehe, tukila mihogo ya kuchoma kando ya ghala.

"Dada, huyu hawezi kujisema. Kwao mtu akijisema wanaona aibu wao," akasema. "Lakini mbona mimi namsema kila siku? Jana nimemsema kwa mke wangu mpaka akaniuliza kama nataka kumwoa yeye."

"Rudia."

"Nini?"

"Unaweza kueleza kazi yake?"

"Kazi yake? Naijua kuliko yeye. Yeye anaiona kwa juu tu."

Usaidizi wote wa elimu yangu ulikuwa kuchukua fomu mbili na kubadilisha majina. Swalehe akaeleza kazi ya Silwimba, na Silwimba akaeleza kazi ya Swalehe. Hilo halikuvunja mwiko wowote. Mzigo wa jirani unaruhusiwa kuusema. Mistari kumi na miwili haikutosha. Niliongeza karatasi, nikaongeza tena. Swalehe alisema huku akitembea na mimi nikiandika:

*Anasikiliza waya wa chuma. Uzi mmoja ukikatika ndani anausikia kabla haujaonekana. Upepo wa mwezi wa saba anauhesabu kama uzito. Anajua kila dereva wa lori nani ana breki. Mzigo ukiyumba haufukuzi. Anaufuata, mpaka utulie wenyewe. Siku behewa lilipoteleza, alishusha injini chini taratibu wakati sisi wote tumekimbia. Yeye hakukimbia.*

Na Silwimba, macho chini, mikono ndani ya mifuko, juu ya kijana aliyemtania kutwa: *Mimi nikiwa juu sioni chini ya mzigo. Yeye ndiye macho. Watu wanamwita, wanamtukana, dada wanapita, hageuki. Ningekuwa na mtoto, ningemweka chini ya mkono wake.* Kisha akakumbuka kuwa anao saba, akasema niache kama ilivyo.

Nilizituma na barua ya kurasa tatu. Wakuu wangu walinionya kwamba afisa mgeni haandikii makao makuu kurasa tatu. Niliuliza kanuni hiyo imeandikwa wapi. Haikuwa imeandikwa popote.

Mwanzoni mwa mwezi wa kumi walikuja wakaguzi watatu. Wawili walikuwa wapole. Wa tatu, aliyewaongoza, alikuwa na miwani mizito na mkoba ambao hakuuweka chini hata alipokula. Nitamwita Ndugu Mkaguzi, kama tulivyomwita. Alikuwa amesoma kurasa zangu zote na kupigia mistari.

"Ndugu Afisa, umeandika vizuri," akaniambia. "Ndiyo maana nina mashaka."

Ningempenda mtu huyo mahali pengine.

Akataka aone kazi yenyewe. Nami, vijana, hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu lilikuwa la kisomi kabisa: nilitaka ionekane. Siku hiyo kulikuwa na kasha kubwa la mashine ya kusaga na kukoboa ya kijiji kimoja cha Msangano. Wanakijiji walikuwa wamekuja na lori, wakalala uwanjani siku mbili wakilisubiri. Karatasi ya mzigo ilisema tani tatu. Silwimba alitaka kuisogeza winchi karibu na behewa, kama kawaida yake. Nikamwomba aisimamishe mbali, upande wa ghala, ili wakaguzi wakae kivulini kwenye baraza na waone mkono wa winchi ukinyooka wote. Akaitazama karatasi, akautazama umbali. Kwa tani tatu ilikuwa inawezekana. Akanitazama na mimi.

"Sawa, mwanangu. Umeomba."

Minyororo ikafungwa. Swalehe akainua mkono. Waya ukakaza, kasha likaachana na behewa, shubiri moja, likasimama hewani. Kimya. Nilijua kinachofuata ni kupanda na kuzunguka, na wakaguzi wanaangalia, na moyo wangu umejaa. Nikageuka barazani na kusema kwa sauti ya mkutano:

"Ndugu wakaguzi, mnaona utulivu huo? Hiyo ndiyo kazi ya fundi stadi!"

"Dada!" Swalehe akapaza sauti bila kugeuza kichwa. "Mzigo uko juu!"

Na kasha likashuka. Likarudi pale pale ndani ya behewa. Injini ikazimwa. Silwimba akashuka kibandani, ngazi moja moja, akasimama mbele yetu na kofia mkononi.

"Siinui," akasema.

Dereva wa lori wa Msangano akakaa chini kwenye kokoto kama mtu aliyefiwa.

"Huinui kwa nini?" akauliza Ndugu Mkaguzi.

"Mzigo si tani tatu."

"Karatasi inasema tani tatu."

"Karatasi haijainua."

Mkaguzi akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Una mizani huko juu?"

"Nina chupa."

Mmoja wa wale wapole akacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze, na nawaambia kweli, kwa dakika ile nilimtilia shaka Silwimba kuliko Mkaguzi. Niliwaza: ameogopa macho ya watu. Niliwaza: kurasa zangu tatu. Niliwaza viatu pia, lakini baadaye. Sijivunii mpangilio huo.

Mkaguzi, mkoba mkononi, akavuka mstari wa chokaa. Akapanda ngazi. Silwimba akapanda nyuma yake, akawasha, akaonja tena, shubiri moja. Sisi chini tulikuwa kimya kabisa safari hii, na kwa kimya hicho nikasikia kitu ambacho mwanzo nilikuwa nimekifunika kwa hotuba yangu. Mguu wa winchi wa upande wa pili ulilia. Sauti ndogo, chuma kikiachana na mti. Nikatazama: mguu ulikuwa umeinuka juu ya taruma upana wa kidole. Jua lilipenya katikati.

Basi hiyo ndiyo ilikuwa "kwa nini" yangu. Mzigo ukiwa juu, winchi inasema, na mtu anayesifu anafunika sauti yake. Siku ile ya kwanza Silwimba angeweza kunieleza. Nadhani aliona sikuwa mtu wa kusikiliza.

Kasha likashuka. Mkaguzi akateremka, na mkoba ulikuwa umebaki kibandani. Aliusahau.

"Fungueni kasha," akasema.

Wanakijiji wakang'oa misumari wenyewe. Ndani ilikuwamo mashine ya kusaga, na chini yake, imefungwa kwa bolti, injini yake nzima. Karatasi ya injini ilipatikana ikiwa imenaswa ndani ya mbao: mzigo wa peke yake, uzito wake karibu sawa na wa kwanza. Mtu fulani, bandarini au mbele zaidi, alikuwa ameona ni busara kuviweka pamoja. Kama Silwimba angeuzungusha mzigo kuelekea lori, winchi ingelala upande wa ghala. Upande wa baraza. Mimi ndiye niliyeweka viti pale.

"Sasa itashukaje?" akauliza dereva wa lori, bado yuko chini.

"Bado," akasema Silwimba. "Polepole."

Ilichukua asubuhi yote. Miguu ikarudishwa ndani, winchi ikasogezwa ikakaribia behewa, mataruma yakaongezwa mara mbili, wanakijiji wakisomba nasi tukisomba, wakaguzi wapole wakavua makoti. Mkono wa winchi ukasimamishwa wima ili uzito ukae karibu na mwili, kama mama anavyobeba ndoo kichwani na si mkononi. Silwimba akapanda. Akaonja. Nilimwona kupitia kioo anavyoiangalia chupa. Mguu haukulia. Swalehe akazungusha kidole, na kasha zima, mashine na injini, likapanda, likapita juu ya kokoto, likasimama juu ya lori. Halikuyumba hata kiasi cha kumwaga chai. Springi za lori zikakaa chini moja moja. Hakuna aliyesema neno, hata mimi.

Swalehe akafumba ngumi: umefika.

Hapo uwanja ukalipuka. Akina mama wa Msangano wakapiga vigelegele, dereva akamkumbatia mchukuzi asiyemjua, na Ndugu Mkaguzi, mtu wa mashaka, alikuwa anapiga makofi kwa mikono miwili kwa sababu mkoba haukuwepo.

Jioni kabla ya kuondoka alikuja mezani kwangu. "Fomu zako zina kasoro," akasema. "Hazikueleza kwamba sehemu kubwa ya kazi yao ni kukataa kuinua."

"Nitaongeza."

"Nimeshaongeza." Akafunga mkoba wake.

Barua ya makao makuu ilifika siku chache kabla ya mvua. Waendesha winchi na watoa ishara, si wa Tunduma tu bali wa njia nzima ya reli, wanahamishiwa daraja la mafundi stadi. Nilikimbia nayo uwanjani kwa viatu vyangu visivyo na cha kupoteza. Silwimba alikuwa juu na mzigo wa mabati. Nilisimama kwenye mstari wa chokaa nikiwa na barua hiyo mkononi, nikajing'ata mdomo, nikasubiri mpaka bati la mwisho lilale. Hiyo ndiyo nidhamu kubwa kuliko zote nilizowahi kuonyesha katika utumishi wangu.

Migodini aliwajibu kwa neno la tatu la fundi wake wa Kichina. *Hapana.* Herufi kubwa, sahihi chini, si dole gumba.

Sitawadanganya kwamba daraja jipya lilimaliza shida. Miaka ya foleni ilikuwa inakuja. Siku zingine fedha ilikuwepo na sabuni haipo, na mche wa sabuni ulikuwa unavuka mpaka kwa bei ambayo hata fundi stadi aliipigia mluzi. Lakini Silwimba hakwenda ng'ambo. Aliendesha winchi ile mpaka aliponyoosha mgongo akasema yatosha, na hakuua mtu. Na mwezi ule wa kwanza mimi niliuona kwa macho yangu.

Ilikuwa Jumapili, kanisani. Kulikuwa na sakafu ya saruji. Familia ya Silwimba iliingia ikiwa imechelewa, na tuliwasikia kabla ya kuwaona: jozi saba za raba mpya zikilia sakafuni, kwi-kwi, kwi-kwi, mpaka mchungaji akasimamisha tangazo lake. Wa mwisho kuingia alikuwa Neema, akinyanyua kila mguu juu kupita kiasi, kama anayepanda ngazi ambayo wengine hatuioni, ili kila mtu apate nafasi ya kuangalia.

Baada ya ibada nilimkuta baba yake nje, kofia ya sufu mkononi.

"Mzee, mshahara umefika wapi?"

Alinionyesha Neema kwa kidevu.

"Naruhusiwa kusifu sasa?" nikauliza.

Silwimba akainama. Akaangalia viatu vile vidogo, kimoja, kisha cha pili, kama anavyoangalia miguu ya winchi kabla ya kazi. Vilikuwa vimekanyaga udongo vizuri, pande zote.

"Umefika chini," akasema. "Sifu."